Mafuta Yameshuka, Nauli Haina Habari

Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa inanipandisha presha. Ndiyo siku ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji hapa Tanzania, kutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hizo huanza saa 6:01 usiku, walipaji tukiwa tumelala. Zikiwepo fununu kwamba bei inapanda, Jumanne jioni sheli ya mtaani kwetu inaishiwa. Kijana wa pampu anakalia ndoo, anachezea simu: "Hamna kitu bosi, tunasubiri gari." Gari lenyewe silioni likiingia, ila alfajiri mafuta yapo.

Tuje kwenye bodaboda. Bei ikipanda, dogo wa kijiweni kwetu ananipa taarifa kabla sijakaa vizuri: stendi ilikuwa buku, sasa ni buku jero. Na hoja anazo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, yeye ndiye aliyenifafanulia vikwazo, mkono mmoja tu ukiwa kwenye usukani. Dola imepanda, meli zinachelewa, kule Ghuba wamebana koki. Nikamkumbusha kwamba Serikali imetoa ruzuku ya shilingi bilioni 100. Akasema yeye hajaiona, na kusema kweli, Agosti ya mwaka ule petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,400 kwa lita. Nikalipa.

Ila mtaalamu huyu ana siku zake za kutojua kitu. Tarehe 20 Aprili 2020, dunia imejifungia ndani kwa korona, ndege zimepaki, matangi ya Cushing kule Oklahoma yanakaribia kujaa, mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi Mei ukaporomoka hadi dola 37.63 chini ya sifuri. Yaani mwenye mafuta ndiye anayekulipa uyaondoe. Nikamfuata dogo, nikamuuliza nikipanda atanilipa ngapi. Akanitazama kama mtu aliyekuja kukopa.

"Mzee, hayo ni ya Marekani. Sisi tunatumia ya hapa."

Kinachoniuma ni kwamba hakukosea sana. Petroli yetu inaagizwa kwa pamoja, inakuja na meli ikiwa imeshasafishwa, na bei yake inafuata soko la Ghuba la wiki kadhaa nyuma. Nikasubiri. Juni bei ikashuka Dar hadi karibu shilingi 1,500. Nikarudi kijiweni kifua mbele: haya sasa ni ya hapa.

"Spea zimepanda, mzee."

Tena sehemu nono ya kila lita ni kodi na tozo, za barabara na nyinginezo, na nyingi zimewekwa kwa shilingi kamili, si kwa asilimia. Soko la dunia lianguke litakavyo, shilingi hizo hazitikisiki, ndiyo maana nafuu ikifika kwenye pampu zetu imeshakonda. Na haidumu. Wenye visima wana chama chao, OPEC, tangu Baghdad mwaka 1960, na bei ikiwachefua wanakaa kikao wanapunguza uchimbaji. Aprili ile ile ya 2020 wao na wenzao, Urusi ikiwemo, walikubaliana kupunguza karibu mapipa milioni 10 kwa siku. Wauza nyanya wa soko letu wangekubaliana hivyo tungewaita wahujumu uchumi.

Nyanya zenyewe huletwa sokoni na guta, lile la kukanyaga. Juzi mwenye guta naye kapandisha. Nikamuuliza sababu, akasema mafuta. Nikainama kulikagua: pedeli mbili, mnyororo umeota kutu, tangi hakuna. Mafuta yanaingilia wapi?

"Mzee, mama wa chapati kapandisha, anasema unga unakuja na lori. Mimi bila chapati nne hili haliwaki."

Nikaongeza mia mbili.