Mashine ya Kufulia na Mabingwa Wasiofua

Nyumbani kwangu, wanaojua zaidi habari za mashine ya kufulia ni wale ambao hawajawahi kufikicha kola. Nililigundua hilo jioni ile niliyotamka mezani kwamba sasa basi, mgongo umechoka, tununue mashine. Sikuwa nimeomba maoni. Yalikuja yenyewe, kabla hata ya chai kumiminwa.

Tuko wengi. Kuna watoto, na watoto wana soksi nyeupe za shule. (Aliyeamua kwamba mtoto anayecheza mpira kwenye vumbi jekundu avae soksi nyeupe, natamani siku moja nionane naye uso kwa uso, yeye akiwa kashika soksi na mimi nimeshika beseni.) Kuna mama mkwe na kanga zake, kuna baba watoto na mashati ya ofisini pamoja na kanzu ya Ijumaa, kuna dada anayetusaidia kazi, kisha mimi. Jumamosi ukipita uani kwetu utadhani kuna mnada wa mitumba na muuzaji kaenda kula.

Baba watoto alilipokea wazo hili kama anavyopokea kila kitu kinachochomekwa kwenye soketi: aliingia mtandaoni, akahamia huko. Alirudi na namba. “Hii inazunguka mara 1,400 kwa dakika,” aliniambia, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kunisifia mimi. Nikamuuliza mizunguko yote hiyo ni ya kazi gani. Ya kukamua, akasema, nguo zinatoka karibu zimekauka.

Bwana wee, sisi tunakaa Tabata, Dar. Mwezi wa pili, saa sita mchana, kanga uliyoianika mwanzo wa kamba imekauka kabla hujafika mwisho wa kamba na vibanio vyako mdomoni. Mizunguko 1,400 ni ya watu wanaoanika nguo sebuleni huku nje theluji inaanguka. Mimi itanipa mashati yaliyokunjamana kama yametafunwa, na wa kupiga pasi namjua.

Alipoona sijashtuka, akanionyesha video. Ni ya marehemu Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi hapo kwa jirani zetu Msumbiji. Mwaka 2010 mzee huyo alipanda jukwaani akaisifia mashine ya kufulia kuliko uvumbuzi mwingine wowote. Alisimulia kwamba kwao ilipoingia ya kwanza, bibi yake, aliyekuwa amechemsha maji kwa kuni na kufua kwa mkono nguo za watoto saba, aliomba abonyeze kitufe mwenyewe, halafu akavuta kiti akaiangalia mpaka ikamaliza. Mama yake naye akapata muda wa kumpeleka maktaba. Video nzuri, nakiri ilinigusa. Ila nilipomgeukia baba watoto nimwambie kwamba hapo anayezungumziwa ni bibi na mama, wala si baba, nikakuta kesharudi kwenye mizunguko.

Mama mkwe yeye hana haja na video. Msimamo wake ni kwamba nguo isiyofikichwa haijafuliwa, imeoga tu. “Hiyo kitu kola inaijuaje?” aliuliza. Swali zuri, kwa sababu kola haiijui. Hata wenye mashine za bei mbaya wanapaka kola sabuni ya mche kwanza, wanaifikicha kidogo, ndipo wanaitumbukiza. Lakini ungempa mama ushindi huo angekaa nao mwaka mzima, kwa hiyo nilinyamaza. Sharti lake la pili ni povu. Lazima alione povu, na aone jingi. Sasa mashine za mlango wa mbele zinataka sabuni maalumu ya povu dogo, kwa kuwa ukiweka ile ya kufulia kwa mkono povu linajaa, nguo zinaelea badala ya kugongana, na mashine inasuuza inasuuza, mwisho inasimama. Nikajiuliza nitamwelezaje mama kwamba tumetumia fedha zote hizo kununua kitu kinachochukia povu.

Kariakoo tulikwenda sote, kasoro dada, aliyebaki anafua.

Kijana wa dukani alitupokea vizuri. Mimi alinisalimia, “Shikamoo mama,” baba watoto akamwita bosi, na kuanzia hapo maelezo yote yakawa yanakwenda kwa bosi. Bosi akaulizwa anataka kilo ngapi. Bosi akanitazama. Kwa faida ya mabosi wote: kilo zinazoandikwa mlangoni ni za nguo kavu, kabla hazijanywa maji, tena kwa programu ya pamba. Ukigeuza kitufe kwenda nguo za nailoni na poliesta, ambazo ndizo sare za shule, uwezo unashuka kama nusu hivi. Kwa hiyo kilo 7 yako siku ya sare inakuwa kilo 3 na ushee. Na lile blanketi zito la manyoya, ambalo kila bibi harusi wa nchi hii alipewa na shangazi, hata kama kilo zake zinaruhusu, ukilisokomeza ndani halina pa kugeukia.

Kulikuwa na stika. Stika moja ilisema A+++, na baba watoto akaipapasa kwa heshima. Alama hizo za plasi Ulaya walishazifuta kwenye mashine za kufulia tangu Machi 2021, wakarudi A mpaka G, maana kila mashine ilikuwa imekuwa ya kwanza darasani. Hivyo mashine yenye A+++ inakueleza umri wake kuliko tabia yake. Stika nyingine ilisema dhamana miaka 10. Hapo hata mimi nilisogea. Kijana akasoma maandishi madogo: miaka 10 ni ya mota. Na mota, kama utakavyoambiwa ukimuuliza fundi yeyote, ndiyo inayokufa mwisho. Kinachokufa mapema ni bodi yake ya umeme, pampu ya kutolea maji, na raba ya mlango, ambavyo vyote dhamana yake ni mwaka mmoja, ukibahatika miwili.

Pembeni kulikuwa na zilizotumika, zimetoka nje ya nchi kwa meli. Bei tamu. Lakini hapo ndipo mtu anatakiwa ainame asome nyuma. Iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ukutani kwetu mnatoka 230. Ukiichomeka hivihivi bila transfoma utafua mara moja, tena moshi. Ya Ulaya volti zinakubali, ila plagi yake ina miguu miwili ya mviringo wakati soketi yetu ina matundu matatu bapa, na kila nyumba yenye mashine hizo utakuta adapta imekaa upande, imeungua kidogo, au hakuna adapta na kalamu ya mtoto imechomekwa tundu la juu.

Nikauliza habari za presha. Si ya mama mkwe, ya maji. Kijana wa dukani akasema, “Hamna shida mama, inavuta yenyewe.” Haivuti! Mashine ya otomatiki inafungua koki yake tu na kusubiri. Hesabu ni ya darasani: maji yakikaa juu mita 10 ndipo yanakupa presha ya baa 1 huku chini. Simtanki letu liko kwenye mnara wa mita 3, kwa hiyo linanipa baa 0.3 likiwa limeshiba, na maji ya bomba nayo tunayapata kwa zamu. Vijitabu vingi vya mashine vinaanza kudai kwenye 0.3 au 0.5. Mashine ikiona maji yanachuruzika tu inangoja, inangoja, halafu inaandika herufi na namba kwenye kioo na kuanza kulia. Dawa yake ni kufunga pampu. Pampu inataka umeme. Umeme wetu unapanda na kushuka, kwa hiyo unaongeza stebilaiza. Hapo nimeshanunua vitu vitatu ili kimoja kifue.

Na umeme ukikatika kabisa? Jirani yangu ana ile ya mlango wa mbele, kioo cha mviringo, nzuri ajabu, ameiwekea kitambaa cha kushona juu. Jumapili moja jioni aliingiza sare za watoto wote. Programu ya pamba ya maji moto huwa inapita saa mbili, umeme ukaondoka ikiwa katikati, na mlango wa mashine hizo hujifunga kwa usalama maji yakiwa ndani. Tulimkuta amepiga magoti anamulika tochi ya simu kwenye kioo, sketi ya darasa la tatu imejibandika upande wa ndani, unaisoma hadi jina la mtoto kwenye ukosi wa blauzi iliyo nyuma yake, na huwezi kuigusa. Kuna kifuniko kidogo chini pembeni, unakifungua na kutoa maji kwa kimpira. Tulikipata usiku, baada ya kumwaga maji sebule nzima. Kesho yake watoto walikwenda shule na sare mbichi. Jua liliwamalizia njiani.

Habari ya maji moto niliimaliza palepale dukani. Hita ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula uniti nzima ya LUKU, na maji ya bomba letu mchana yanatoka yenyewe yakiwa vuguvugu, bure. Tena mtaani kwetu bomba likigoma tunanunua maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Maji hayo ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Kwenye hita ya mashine yanaacha ukoko huohuo, isipokuwa birika unaweza kulikwangua.

Tulirudi mikono mitupu. Baba watoto alikuwa na vipeperushi, mama mkwe alikuwa na dera jipya.

Jioni, dada alikuwa anamalizia kusuuza. Nikamwambia tulivyoviona: mlango wa juu, mlango wa mbele, mizunguko, stika. Akasikiliza huku anakamua shuka, mimi nimeshika ncha ya pili, tunasokota kila mtu na upande wake. Akauliza, “Dada, na hayo maji yakishatumika yanakwenda wapi?”

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Bosi hakuuliza, wala stika haikusema. Kwetu maji ya kufulia hayamwagwi. Ya kusuuza mara ya mwisho yanafulia duru ya kwanza ya nguo za rangi, kisha yanadekia baraza, kisha yanaingia chooni, na yakibaki yanalaza vumbi uani. Mashine ya mlango wa mbele inatumia kama lita 50, ndoo mbili na nusu, ya mlango wa juu inaweza kupita lita 100, na zote mbili zinatapika kila tone kwenye mpira wa nyuma na kuita maji mengine masafi. Dada ndiye anayebeba ndoo bomba likigoma. Hesabu yake ilikuwa fupi kuliko ya baba watoto na haikuhitaji intaneti.

Basi tumechukua ile ya mabeseni mawili, ambayo kijana wa dukani alituonyesha mwisho, kwa aibu kidogo, kama mtu anayemtambulisha ndugu wa kijijini. Upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua, nguo unazihamisha kwa mkono wako. Maji unamimina kwa ndoo, kwa hiyo presha ya simtanki haituhusu. Umeme ukikatika unafunua kifuniko, unatoa sketi yako. Mpira wa kutolea maji tumeuelekeza kwenye pipa, na maji yanaendelea na safari zake za zamani. Mama mkwe anafunua kila baada ya dakika tano kulikagua povu, analiona, anafunika. Kanga mpya bado ni marufuku kuingia, maana zinachuja, na kanzu moja ya Ijumaa imeshapata rangi ya waridi bila mwenyewe kushirikishwa.

Majirani wenye mashine za kioo wameiangalia, wakasema, “Mmeanza vizuri.” Baba watoto imemuuma. Anaona aibu kwa sababu haina namba kubwa ubavuni. Juzi nimemkuta tena kwenye simu, macho yanang'aa, nikajua kuna kitu kina soketi. Anasoma habari za mashine ya kukaushia nguo. Ya kukaushia! Hapa Dar! Nimemwambia aendelee kusoma kwa raha zake, lakini kwa sasa wingu limesimama upande wa Segerea na mashati yake yote yako kambani, aende akayaanue.