Mama Mdogo Ukurasa wa Kwanza

Ukiandika Mazimbu kwenye Google, anayetokea mbele ni Solomon Mahlangu. Hiyo ni haki yake. Makaburu walimnyonga tarehe 6 Aprili 1979, na shule ambayo ANC ya Afrika Kusini walikuwa wakiijenga hapa kwetu Morogoro, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, ikabeba jina lake, kwa kifupi SOMAFCO. Wenyewe waliporudi kwao, mwaka 1992 wakatuachia majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Nyuma ya Mahlangu zinafuata picha za makaburi, za hospitali, za Mzee Oliver Tambo. Mama mdogo wangu, ambaye anapika wali maharage kando ya barabara ya kampasi tangu wahadhiri wa sasa wakiwa wanafunzi, hakuwemo. Hata kwenye ukurasa wa tano hakuwemo. Akaliona jambo hilo kuwa dhuluma.

"Hao wote waliotangulia," aliniuliza, "kuna anayepika?"

Nikamweleza kwamba Google wenyewe wamesema wazi: mtu akitafuta kitu cha karibu, majibu hupangwa kwa mambo matatu, yaani biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Akasema basi kwa hayo matatu yeye ni wa kwanza. Chakula kipo, umbali haupo, na kujulikana, muulize hata polisi wa barabarani.

Kwa kuwa maelezo yangu yalikuwa ya bure, hayakuwa na uzito. Akaletewa kijana mmoja wa mjini, shati limechomekewa, miwani haina lenzi. Huyo alitaka elfu hamsini na akaahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki. Google wameandika mahali kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake nafasi ya kwanza, nami nikayasema hayo mbele ya kadamnasi. Mama mdogo akanitazama, akamtazama kijana, akaniuliza mimi shati langu kwa nini halijachomekewa.

Kijana akaanza na jina. Bango la mama mdogo limeandikwa kwa rangi ya mafuta: MAMA NTILIE KARIBUNI. Kijana akasema jina hilo ni jembamba, mashine hailioni. Akalinenepesha. Kwenye ramani likawa: Mama Ntilie Karibuni Mazimbu Morogoro Chakula Bora Bei Nafuu SUA SOMAFCO Msamvu Stendi SGR Hoteli Lodge Vinywaji. Mtu akilisoma jina hilo kwa sauti anahitaji kupumzika katikati. Isitoshe, kuongeza maneno ya namna hiyo kwenye jina la biashara ni kinyume na kanuni za ramani yenyewe. Jina linatakiwa liwe lile lililopo kwenye bango. Lakini kijana alikuwa ameshapokea nusu ya hela.

Simu zikaanza. Wa kwanza alitaka tiketi ya treni ya mwendokasi ya saa tisa kwenda Dar es Salaam. "Mwanangu, treni sina," mama mdogo akamjibu kwa upole, "nina makange." Akapiga mwingine, anataka chumba chenye feni, kitanda kikubwa, na kama kuna maji ya moto. Maji ya moto yapo, akaambiwa, ila yana majani ya chai. Wa tatu alikuwa Msamvu na mabegi yake, anauliza yuko mlango gani wa stendi, naye mama mdogo, ambaye katika maisha yake hajawahi kumwacha mtu njiani, akamwelekeza namna ya kupanda bajaji mpaka Mazimbu. Mgeni alifika na mabegi matatu akitafuta basi la Iringa. Alikula, lakini kwa uchungu.

Halafu ikaja habari ya saa. Kijana aliuliza mnafungua saa ngapi, mnafunga saa ngapi. Akajibiwa kama mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu: tunafungua saa kumi na mbili, tunafunga saa kumi. Asubuhi na jioni hazikutajwa, kwa sababu nani anakunywa supu usiku wa manane? Simu ya kijana ilikuwa ya Kiingereza. Alichoingiza yeye ni saa sita mchana hadi saa nne usiku. Ramani ikawa inamtangazia kila mtu Morogoro kwamba asubuhi, wakati chapati zinatoka jikoni, Mama Ntilie amefunga. Na usiku, wakati mama mdogo ameshafunga chandarua, Mama Ntilie yuko wazi, karibuni.

Wanafunzi wakakaribia. Saa tatu usiku, kundi zima limetoka kujisomea, wakagonga. Mama mdogo akatoka na mwiko, si wa kupakulia. Mmoja akamwonyesha simu: "Mama, hapa imeandikwa uko wazi." Akaipokea simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma, akasema, "Aliyeandika ndiye apike," akafunga mlango.

Ulikuwa umebaki uthibitisho kwamba biashara ni yake. Zamani njia iliyozoeleka ilikuwa kutumiwa kadi ya posta yenye namba za siri, jambo gumu kwa mtu ambaye barua yake ya mwisho ilikuja kwa sanduku la posta la shule ya msingi. Siku hizi kuna njia ya video: unarekodi bila kukatisha, unaonyesha mtaa, bango, na kitu cha kuonyesha kwamba biashara ni yako, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo. Mama mdogo akavaa kitenge cha sendofu ya binti yake, akapaka poda, akatembea kuelekea kwenye kibanda chake taratibu kama bibi harusi anayesubiri vigelegele. Kibao cha anwani ya makazi, kile kilichobandikwa wakati wa operesheni ya mwaka 2022, kilikuwa nyuma ya kalenda, ikabidi kalenda ishushwe. Alipofikisha ufunguo kwenye kufuli, mjomba akaingia kwenye picha.

"Nani kasema hii ni ya kwake?" mjomba akaiuliza kamera. "Kiwanja hiki ni cha ukoo."

Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Alisema. Alianzia kwa bibi mzaa bibi, akashuka naye kutoka milimani, mgomba kwa mgomba, mpaka tambarare. Kamera haikatishwi, hiyo ndiyo sheria, kwa hiyo tukamwacha. Aliyeitazama video hiyo, popote alipo duniani, anajua mipaka ya kiwanja chetu kuliko baraza la ardhi. Ikapitishwa.

Sasa nyota. Kijana alituagiza tuwaombe ndugu waandike maoni mazuri, nalo hilo wenye ramani hawalipendi, maana maoni yanatakiwa yatoke kwa mteja na si kwa binamu. Wakaandika. Dada yangu wa Dodoma akaweka nyota tano na kuuliza hapohapo kama mchango wa msiba umefika. Shemeji akasifia samaki wa Mindu, samaki ambao mama mdogo hajapika tangu bei ipande. Na mwanafunzi mmoja, mteja wa kweli, mla ubwabwa wa kila siku, akaweka nyota moja. Mama mdogo hakulala. Kesho yake akamkabili sahani ikiwa mkononi. Mwanafunzi akashangaa: "Si nimekupa Division One, mama? Tano si ningekuwa nimekufelisha kabisa?" Mtu aliyesoma sekondari Tanzania hana jibu la hapo.

Siwezi kusema hayo yote yalikuwa hasara. Lile neno SOMAFCO, lililochomekwa kinyume na kanuni, lilileta basi dogo la wageni kutoka Afrika Kusini waliokuwa wakitafuta makaburi ya ndugu zao. Mjomba, ambaye ujanani alikuwa fundi kwenye kiwanda cha samani cha Vuyisile Mini humohumo Mazimbu, aliposikia lafudhi yao alisimama, akakunja ngumi, akapaza sauti: "Amandla!" Wageni wote, na vijiko vyao, "Awethu!" Wakaelekezwa makaburini na mtu aliyewajua baadhi ya waliolala pale. Wakarudi wakaagiza ugali, wanaouita pap, wakaubishania kama ni mgumu kupita wa kwao. Mama mdogo hakuchukua hela ya chai.

Kijana hakumaliziwa nusu yake ya pili. Jina nimelirudisha kama lilivyo kwenye bango, saa nimezinyoosha, na picha ya mbele, ambayo mteja mmoja aliipandisha ikionyesha mifupa mitupu ya kuku na kijiti cha meno, sasa imesindikizwa na picha za chakula chenyewe kikiwa bado kipo. Namba ya simu ni ile anayoipokea mwenyewe. Ukitafuta chakula ukiwa umesimama Mazimbu, anatokea. Ukiwa mjini, hatokei, na nimeshindwa kumweleza kwa nini umbali ni kosa lake.

Kilichobaki ni ugomvi wa kifamilia. Binti wa dada yake mama mdogo, aliyekula bure likizo nzima, aliweka nyota nne, akaandika kwamba maharage yalikuwa na chumvi. Kikao cha ukoo kikaitishwa, mjomba mwenyekiti, simu ikapitishwa mkono kwa mkono kama kielelezo cha ushahidi. Binti akatozwa faini ya kuku, naye kuku akaliwa palepale. Usiku huo nyota zikapanda kuwa tano, na chini yake ameandika: "Kwa amri ya mjomba. Chumvi bado."