Majina Kumi ya Hekima, Yaliyoitwa Kutoka Dirishani

Kwenye jengo letu la Kisutu, Dar es Salaam, yupo mama mmoja wa Kigujarati ambaye ghorofa zote nne zinamwita Shangazi. Juzi cheo hicho kimemstahili mara mbili, maana mdogo wake wa kiume kapata mtoto wa kiume, na kwa Wagujarati jina la mtoto hutolewa na dada wa baba. Wao humwita foi. Baba anaweza kupendekeza na mama anaweza kununa, ila foi ndiye atakayetamka.

Usiku wa siku ya sita waliweka karatasi nyeupe na kalamu karibu na kitanda cha mtoto, ili mungu wa kike wa majaliwa aje aandike maisha yake. Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe vilevile, kama ilivyotarajiwa, kwani mwandiko huo binadamu hausomi. Saa mbili Shangazi alikuwa mlangoni kwangu na karatasi yake mwenyewe, hiyo imejaa.

"Dada, wewe sauti unayo," akasema. "Simama dirishani uyaite haya mojamoja, kama unamwita mtoto aache mpira aje ale."

Majina kumi, yote ya Kisanskriti, yote ya hekima, maana marehemu babu yake mtoto alikuwa mwalimu. Na asikudanganye mtu kwamba Kisanskriti ni lugha ya mbali. Ukitaja laki moja ya kodi ya nyumba umekwisha kuitumia: neno hilo limetoka kwao, laksha, likapitia Kihindi likatua kwetu. Basi nikayaita yote. Nayapanga hapa kuanzia lile ambalo lingenisumbua kidogo hadi lile ambalo ningempa mwanangu mwenyewe.

10. Chetan

Mwenye fahamu, aliye macho. Jina zuri kwa mtu mzima. Kwa kichanga cha siku sita ni kumchokoza: saa tisa za usiku atakuwa macho bila kukumbushwa na mtu. Ndugu yake ni Bodhi, kutoka mzizi budh, kuamka, uleule uliozaa jina la Buddha, Aliyeamka. Nilimwambia Shangazi kwamba wahenga wao waliona hekima ni kuamka kwa sababu hawakuwa wakilala na mtoto chumba kimoja. Akacheka, lakini Chetan akamkata kwa kalamu nyekundu.

9. Manish

Linatokana na manisha, fikra yenye busara, na wengi hulifasiri kuwa bwana wa akili. Tatizo ni sisi Waswahili. Konsonanti ikikaa mwisho wa neno, ulimi wetu huitafutia irabu ya kuegemea. Nikaita, "Manishaaa!" na binti wa ghorofa ya pili akachungulia. Manisha ni jina la kike! Miaka yote ya shule huyu kijana angejibu simu za dada yake.

8. Kovid

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kovida kwa Kisanskriti ni mjuzi, msomi, aliyebobea katika fani yake, na jina hili lilikuwa likivaliwa kwa heshima karne nyingi kabla ya Februari 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza jina la ule ugonjwa. Mimi nalionea huruma jina hili kwa dhati. Halikufanya kosa lolote. Na Tanzania ndipo lingepumua kidogo, kwa kuwa huku ugonjwa wenyewe tuliuita UVIKO. Lakini mtoto atasafiri, atajaza fomu uwanjani, na ofisa wa uhamiaji atarudi nyuma hatua mbili. Lipumzike, zamu yake itarudi.

7. Vidyadhar, na ukoo wake wote

Vidya ni elimu. Vidyadhar ni aliyeibeba elimu. Vidyasagar ni bahari ya elimu, na hicho mwanzoni kilikuwa cheo cha sifa: Ishwar Chandra wa Bengal (1820–1891) alipewa cheo hicho kwa usomi wake, na watu wakasahau jina lake la ukoo. Bahari yenyewe haikutulia tu vitabuni. Alipigania wajane wa Kihindu waruhusiwe kuolewa tena hadi sheria ikapita mwaka 1856, na baadaye mwanawe mwenyewe akaoa mjane. Hiyo ndiyo elimu iliyopanda ngazi ikagonga mlango wa nyumbani.

Kisha kuna Vidyarthi, mtafuta elimu, yaani mwanafunzi. Hili lina makazi Afrika Mashariki. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mjini Nairobi mwaka 1933, akatoa na la Kiswahili, Habari za Dunia, na serikali ya kikoloni ikamfunga kwa uchochezi. Mtu anaitwa mwanafunzi, anamfundisha gavana! Hata hivyo kutoka dirishani Vidyadhar ni refu. Ukifika silabi ya mwisho chakula kimepoa.

6. Gyan

Maarifa. Fupi, tamu, linaitika. Ila kuliandika ni vita vya majimbo. Herufi ya mwanzo ni moja, jña, lakini Wahindi wa kaskazini huitamka gya, Wamaratha dnya, Wagujarati gna. Ndiyo maana yule mtakatifu mshairi wa Maharashtra wa karne ya 13 utamkuta kitabu hiki ni Jnaneshwar, kile ni Dnyaneshwar, na wote ni mtu mmoja. Shangazi alisisitiza liandikwe Gnan, kwa heshima ya Gujarat. Mama wa mtoto, aliyezaliwa Pune, alisema ni Dnyan au basi. Nikawauliza karani wa cheti cha kuzaliwa ataandika lipi, wakanyamaza wote wawili. Jina linaloanzisha ugomvi kabla mwenyewe hajaota jino liachwe.

Hapo Shangazi akatania, "Basi tumwite Guru yaishe." Nikamwuliza guru maana yake hasa nini. Mzito, akasema. Tena uzito wa mizani kabisa, kisha ndiyo uzito wa heshima, sawa na sisi tunavyosema fulani ni mtu mzito. Uzito wa namna hiyo mtu hazaliwi nao. Mtoto mwenyewe ana kilo tatu na robo.

5. Pragyan

Hekima, ujuzi ulioiva. Mwenye jina hili maarufu kuliko wote ana magurudumu sita na kilo 26. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua, na kigari chake, Pragyan, akashuka kwenye mteremko kutafuta madini. Alikuta salfa. Kabla yake kulikuwa na Pragyan mwingine, wa mwaka 2019, aliyeanguka na chombo chake kwa kasi asiamke. Kwa hiyo jina hili lina somo la kudondoka na kutumwa tena, na mimi nalipenda kwa hilo. Lakini hebu fikiria darasa la chekechea la mwaka huu huko Bangalore: mwalimu akiita Pragyan, nusu ya benchi itasimama. Na mama, ukimtuma dukani asirudi mapema, usishangae. Umempa jina la mtu aliyekwenda mwezini akabaki hukohuko.

4. Kavi

Mshairi. Utauliza linaingiaje kwenye hekima. Linaingia kwa mlango mkuu: katika Rigveda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, kavi ni mwenye kuona mbali, mjuzi wa mambo yaliyofichika, na mashairi ni namna anavyoyasema. Mtu wa pwani haelezwi hili mara mbili. Kwetu pia malenga hakuwa mtu wa vina tu, alikuwa mtu wa kuendewa na watu wazima jambo linapokuwa zito. Jina hili pia halina irabu ya kuongezwa, linaishia lenyewe, nililiita likafika hadi kwa muuza madafu. Akaitika! Anaitwa Kavishe. Likakosa tatu bora kwa sababu hiyo tu, na nimeumia.

3. Sumedh

Hapa niombe utulivu kidogo. Medha ni akili, lakini ni akili ya aina yake, ile inayoshika: ukisikia leo, miaka 40 baadaye bado iko. Su ni nzuri. Sumedh basi ni mwenye akili njema isiyovuja. Kuna mwenzake wa kisasa, Medhansh, kipande cha akili, na nadhani mtoto hastahili kupewa kipande wakati nzima ipo.

Waliounda neno hili walikuwa watu wa kifua. Veda, Rigveda ikiwamo, zilikaa vifuani kwa karne na karne kabla ya kuandikwa, mtoto akizipokea kwa mwalimu kwa sauti, silabi kwa silabi, akizisoma mbele, akizisoma kwa kurudi nyuma, akizisuka maneno mawilimawili ili hata moja lisidondoke. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa binadamu. Nilipomsikiliza Shangazi akilieleza hili nilimwona kaka yangu mdogo chuoni, ameshika masikio, anayumba, juzuu ya pili haijakaa. Jina la kwetu lililo jirani na Sumedh ni Hafidh. Wangeketi jamvi moja wakaelewana bila mkalimani.

Nikaita, "Sumedhaaa!" Na safari hii irabu yangu haikuharibu kitu. Buddha mwenyewe, katika simulizi za wafuasi wake, aliitwa Sumedha katika maisha ya zamani sana, alipoweka nia kwa mara ya kwanza.

2. Vivek

Kupambanua. Mafumbo ya Kihindi yana ndege aitwaye hamsa, ambaye ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji hunywa maziwa na kuyaacha maji. Hiyo ndiyo viveka. Mimi sina hamsa, nina ungo. Nimekaa barazani na mama yangu mchana mzima tukichambua mchele wa Mbeya, na najua kwamba chenga huonekana, kazi ipo kwenye kijiwe cheupe kinachofanana na punje. Akili nyingi duniani hukusanya. Hii hutoa.

Mbebaji wake mkubwa alizaliwa Calcutta tarehe 12 Januari 1863 akaitwa Narendranath Datta. Baada ya kujitoa kwa dini akawa Vivekananda, furaha ya kupambanua, na tarehe 11 Septemba 1893, akiwa na miaka 30, alisimama Chicago mbele ya bunge la dini akawaita Wamarekani dada na kaka zake kabla ya kusema lolote jingine. Ukumbi ulisimama kumshangilia. India huadhimisha siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Vijana, kwa hiyo Vivek wako atakuwa na sababu mbili za kudai keki.

1. Vidur

Mzizi ni vid, kujua, na maana ni mwenye kujua. Lakini sikulipa namba moja kwa kamusi. Nimelipa kwa kisa chake katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India.

Mzee Vyasa, mwenye sura ya kutisha, aliletwa ikulu awazalie wajane wa mfalme warithi. Wa kwanza alifumba macho kwa hofu, akazaa Dhritarashtra, kipofu. Wa pili alipauka, akazaa Pandu, aliyepauka. Ilipofika zamu nyingine, yule wa kwanza akamtuma mjakazi wake badala yake. Mjakazi hakufumba macho wala hakubadilika rangi. Akamzaa Vidura. Mwana wa mjakazi hawezi kuwa mfalme, basi mwenye akili kuliko ndugu zake wote akakaa pembeni ya kiti maisha yake yote, akisema kweli.

Wana wa Pandu walipojengewa nyumba ya lakiri ili wateketezwe humo, yeye aliwaonya kwa mafumbo mbele za watu, kisha akatuma mchimbaji awachimbie njia ya chini kwa chini. Mchezo wa kamari ulipoanza, aliupinga waziwazi. Na kabla ya vita, usiku mmoja mfalme kipofu alipokosa usingizi, aliyeitwa ni Vidura. Akaongea hadi alfajiri, sura nane nzima za kitabu, akimwambia awape wana wa Pandu haki yao. Mfalme alikubali kila neno. Asubuhi akamfuata mwanawe aliyewanyima. Vita vilichukua siku 18.

"Mbona unampenda mtu ambaye hakusikilizwa?" Shangazi akaniuliza. Kwa sababu aliendelea kusema, nikamjibu, na kwa sababu ya mama yake.

Jioni mnajimu akaleta herufi. Wanazo silabi 108, nne kwa kila kituo cha mwezi katika vituo 27, na mtoto huyu aliangukia kundi la Fahali: B, V au U. Saba kati ya majina kumi yakafa palepale. Shangazi akasema tu, "Sawa," akakunja karatasi, hakuniambia kitu.

Siku ya kutia jina watoto wanne wa jengo walishika pembe za kitambaa cha hariri, kichanga kikiwa katikati, wakambembeza wakiimba. Mmoja wao ni mwanangu. Shangazi aliinama, akamnong'oneza mtoto sikioni, kisha akatutazama akalitamka kwa sauti: Vidur.

"Vidura!" akarudia mwanangu, na irabu yake ya Kiswahili mwishoni. Wajomba wakamcheka, wakamrekebisha. Bibi wa mtoto, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake tangu asubuhi, akainua mkono wakanyamaza.

"Mwacheni," akasema. "Kitabuni limeandikwa hivyohivyo."