Upelelezi Usio na Makaratasi

Wanaoibeza Seibu Keisatsu, tamthilia ya polisi iliyotamba Japani kuanzia 1979 hadi 1984, hawajui upelelezi ni nini. Alama za vidole zinachosha watu bure. Daimon, kiongozi wa kikosi, anarekebisha miwani yake myeusi, anainua bunduki ya marisau, na papo hapo kesi inateketea: mshukiwa, ushahidi, gari na ghala la mwenyewe. Hakimu asumbuliwe ya nini? Inasemekana magari 4,680 hivi yaliangamia, idadi ndogo ukizingatia amani iliyopatikana. Na uangalifu haukukosekana: Nissan Safari yao ilifungwa mizinga ya maji juu ya paa. Polisi gani wengine huja na maji ya kuzimia moto wanaokwenda kuuwasha?