Maharage ya Bei Hasi

Katika mtaa wetu wa Jabe, hapa Bujumbura, mtu akionekana mara mbili mbele ya kompyuta huhesabiwa kuwa ni alimu wa hesabu zote. Nami, kwa kuwa sikupata kuikanusha sifa hiyo (na kusema kweli sikujaribu), nilikabidhiwa na wazee wa chama chetu amana ya kukadiria bei ya maharage ya futari ya Ramadhani ya 2025. Nikazitia bei za mwaka mzima katika Excel, nikachora grafu, nikaiamuru ipitishe mstari wa mwelekeo wenye kupinda, na pembeni ukajitokeza mlingano ulioanza kwa 3E-05x².

Nilipouandika ubaoni, mzee wetu wa hazina alivaa miwani, akautazama kitambo, akasema: "Mwanangu, hizo euro tatu umezipata wapi, na hali benki zenyewe hazinazo?" Nikamweleza kwa adabu kwamba E ile si euro, bali ni ishara ya kusogeza nukta nafasi tano kuelekea kushoto, hata tatu ikawa 0.00003, kisha, kwa kiburi ambacho Mola amekwisha kunilipa, nikakokotoa hadharani bei ya 1 Machi, nikapata hasi 6,200. Yaani kila kilo tutakayochukua, mwuzaji atupe na faranga elfu sita na mia mbili juu yake! Baraza lilinyamaza, mmoja tu alisema alhamdulillahi.

Kumbe Excel, ikiandika mlingano kwa E, hubania tarakimu, na tatu yangu asili yake ilikuwa 3.46. Tena tarehe, kwake, ni idadi ya siku tangu mwanzo wa 1900, hivyo 1 Machi 2025 ni 45,717, ambayo kipeo chake cha pili chapita bilioni mbili. Basi kile kijisehemu cha 0.0000046 nilichokidharau kikanila faranga 9,600. Binti wa dada yangu, aliyekuwa akitafuna karanga nyuma yangu, aliubonyeza mlingano, akauamuru uonyeshe tarakimu kumi baada ya nukta, na bei ikarudi 3,400 na ushei.

Lakini habari ilikwisha nitangulia sokoni. Asubuhi yake mama mwenye maharage aliniona kwa mbali, akaniita mbele ya wanunuzi wote: "Njoo, mwanangu, lete gunia! Zile elfu sita zako nikupe kwa faranga, au kwa euro?"