Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Watambuzi wa Vidole

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa bima ya afya ya taifa, na kwa kila mwenye idhini ya kuamua nani ni nani mbele ya dirisha la hospitali:

Baada ya salamu, na taadhima isiyopungua kadiri ya vyeo vyenu, sisi wakazi wa Voi, kwa niaba yetu na ya ndugu zetu wa Mwatate, Wundanyi na Taveta, twapenda kuwaarifu kwamba hatujambo, isipokuwa wazee wetu, ambao ni wagonjwa. Na ugonjwa wao, Mungu ashukuriwe, hauna shaka yoyote, kwani umepimwa na kuandikwa kwa wino. Kilichoingia shaka ni wao wenyewe.

Hapana haja ya kueleza kirefu. Kila mwenye mzazi aliyepita miaka sabini amepata kusimama nyuma yake katika foleni ile, akayasikia maneno matatu ambayo siku hizi ndiyo dibaji ya kila tiba: "Weka kidole hapa." Kidole huwekwa, kioo huwasha taa yake, watu wote hunyamaza kungoja hukumu, na hukumu hutoka: "Kimekataa. Jaribu kingine."

Juzi, mimi ninayewaandikia wenzangu barua hii, katika hospitali moja ya kaunti hii ambayo sitaitaja, kwa sababu kuitaja moja ni kuzinyima sifa zile nyingine zinazofanya vivyo hivyo, nilikuwa nyuma ya nyanya mmoja aliyeteremka na matatu ya alfajiri kutoka Mgange kuja kuchukua dawa zake za presha. Kidole gumba kikakataa, cha shahada kikakataa, na vya mkono wa kushoto vikakataa kimoja baada ya kingine, maana vyote vilikuwa vimelainika kama kokoto za mtoni. Karani, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, akakipangusa kioo kwa mkono wa shati lake, akamfuta nyanya vidole kwa pamba yenye spiriti, na vilipozidi kukauka akamshauri avipake mafuta ya nywele. Basi yule mama, ambaye hata kanisani haingii bila kitambaa kichwani, akakifungua kitambaa chake mbele ya foleni nzima, akakisugua kidole katika mvi zake, akakirudisha kiooni. Kimekataa. Akaulizwa simu, ili atumiwe namba za siri. Na simu iliyoandikishwa ni ya mjukuu aliye Nairobi, ambaye hakupatikana. Ndipo alipoinama dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani wewe hunijui? Si mimi niliyekaa na mama yako usiku aliokuzaa?" Kijana akatazama chini. "Nakujua, nyanya. Lakini sistimu haikujui."

Waheshimiwa, twawapongeza kwa uvumbuzi huo. Tangu dunia iumbwe, mtu alikuwa akijulikana na watu. Leo, kwa hisani yenu, jamaa, jirani, mzee wa mtaa, chifu, na hata muuguzi aliyempa mgonjwa yule yule dawa zile zile mwezi uliopita, wote wamevuliwa ushahidi wao, na shahada ya kioo kimoja ndiyo iliyobaki kuwa shahada.

Kama mwapenda kujua vidole vya wazee wetu vilikwenda wapi, si siri. Vingine vilibaki Mwatate na Voi katika mashamba ya mkonge, katika kukata na kufunga matita juani. Vingine vilibaki katika matuta ya Wundanyi na Werugha, ambako mama hulima mteremko ambao mbuzi mwenyewe huufikiria mara mbili. Ngozi ya mzee hupoteza unyevu wake na kulegea, mistari yake hushuka, na jembe, saruji na sabuni ya kufulia humalizia kilichobaki. Tabibu yeyote angaliwaambieni hayo kabla hamjanunua mashine ya kwanza, lau mngaliuliza.

Na ajabu ni kwamba zamani serikali haikupata taabu yoyote na vidole hivi. Baba zao walichukuliwa alama tangu miaka ya 1920, zikatiwa katika cheti cha kikoloni kilichoitwa kipande, kikaning'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha bati, ili mtoro wa shamba la mzungu atambulikane popote akimbiliapo. Na mwaka 1978, sheria ilipowaingiza wanawake nao katika kitambulisho, zamu ya mama zetu kutiwa wino ikafika. Vidole hivyo vilisomeka vyema vilipotakiwa kazini, vikasomeka vyema vilipotakiwa kodini. Vimeacha kusomeka siku vilipotaka dawa.

Kadhalika, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima mpya iliposhika mahali pa ile kongwe, hatukukosa utii: mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa kuulizwa paa lake ni la nini na ukuta wake ni wa nini, asipungue shilingi 300 kwa mwezi. Katika kuzipokea fedha hizo hatujaona kidole kikitakiwa. Mtu yeyote, kwa simu yoyote, humlipia mzee wake akapokelewa kwa shukrani. Mashine yenu haijapata kumkataa mlipaji.

Kwa hayo twaleta maombi yetu. La kwanza, dirishani pawekwe benchi, kwa kuwa kukataliwa umeketi kuna nafuu kuliko kukataliwa umesimama. La pili, kila mzee apewe mjukuu wa serikali, mwenye simu yenye chaji, asiyeruhusiwa kuhamia Nairobi. La tatu, presha na sukari ziagizwe kwa waraka rasmi zisipande wakati sistimu imelala. La nne ndilo kubwa, na twaomba mlisome kwa utulivu: wazee wote wa Taita Taveta waandikishwe kuwa ndovu.

Msicheke. Sisi ni majirani wa ndovu tangu kabla ya mwaka 1948, Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa, na sehemu kubwa ya kaunti hii ni yao kuliko ilivyo yetu; tumepata wasaa wa kutazama jinsi wanavyohudumiwa. Ndovu akichomwa mshale haji mjini kupanga foleni. Tabibu humfuata aliko, pengine kwa helikopta, akamlaza kwa sindano ya mbali, akamsafisha jeraha, akamdunga dawa, akamwamsha, kisha akasimama kando kumtazama mpaka ashike njia yake. Na katika shughuli yote hiyo hapana mtu anayemwambia aweke ukucha kiooni. Reli mpya ilipopitishwa Tsavo, ndovu walitengewa vivuko vya kupita chini yake, na mwaka 2016 baadhi yao wakavishwa mikanda ya shingoni inayosemezana na setilaiti, ili ijulikane walipo. Mwaka 2021 walihesabiwa nchi nzima wakapatikana 36,280, wala hatukusikia kwamba yuko aliyeambiwa arudi kesho.

Utekelezaji wake ni mwepesi. Mzee atavishwa mkanda shingoni, jambo ambalo ukoo wake una uzoefu nalo tangu zama za kipande. Na mkanda uwe wa ngozi laini, usiochubua wala kuharibu kola ya shati la Jumapili. Presha ikipanda, setilaiti itaarifu. Gari la kijani litapanda Wundanyi kona kwa kona, tabibu atashuka na sanduku lake, na badala ya kumtaka mgonjwa kidole atamtazama masikio, kwa kuwa wajuzi wa ndovu humtambua kila mmoja kwa mapengo na matundu ya masikio yake, na masikio ya mama zetu waliotoga utotoni yana alama za kuwatosha wajuzi wote. Watalii nao watatoa macho, maana mzee wa miaka tisini akimeza vidonge vyake kwa wakati ni kiumbe adimu zaidi ya faru. Kiingilio watakacholipa kitiwe katika bima.

Wala msiseme kwamba ndovu anayo bahati ya kutochakaa. Magego yake humwotea kwa awamu sita, na awamu ya mwisho ikilika, naye ameshaingia miaka sitini au zaidi, ajali yake huwa imekaribia. Wajuzi hulitazama gego lile lililolika wakasema: huyu ni mzee. Kwao, kulika ni ithibati. Kwenu, kidole kilicholika kwa kazi ya miaka sitini ni ithibati kwamba mwenye kidole hayupo.

Tena tumeisoma sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, isemayo kwamba mtu akiuawa na ndovu, jamaa zake wanastahili fidia ya shilingi milioni 5. Nyanya yule wa Mgange, akikutana na ndovu njiani akirudi kwake mikono mitupu, maiti yake itatambuliwa na majirani na chifu, na kauli yao itakubaliwa pasipo mashine. Akifa kitandani kwa kiharusi, kwa sababu ya presha ambayo dawa yake ilikuwa rafuni nyuma ya karani, hapo itakuwa ni mapenzi ya Mungu.

Si mapenzi ya Mungu. Msimsingizie Mungu. Ni uzembe wenu, nyinyi mliokaa katika chumba chenye kipoza hewa mkapitisha utaratibu bila kumwita hata mkulima mmoja aweke mkono wake juu ya meza mkautazama. Mwawadhalilisha watu waliowajengea nchi, wengine mwawazika, na bado mwatutaka tuandike kwa adabu.

Mtuwie radhi. Tulikuwa kwenye ndovu.

Ikiwa gharama ya mikanda itawashinda, basi rudini kwa wahenga. Wataita wa kale walikuwa wakiyafukua mafuvu ya wazee wao baada ya mazishi na kuyapanga mapangoni, na mapango hayo yangaliko katika milima yetu. Kila ukoo ulilijua pango lake, na babu hakutakiwa kuthibitisha kwamba ni babu. Watu wasio na umeme waliweza kumtambua mzee aliyekufa, asiye na ngozi wala ulimi. Nyinyi wenye mitambo mmeshindwa kumtambua aliye hai, anayewatajia jina lake, la baba yake na la kijiji chake, huku akiwa ameshika kitambulisho mlichompa wenyewe.

Hoja yenu twaijua: mwazuia wizi. Ni hoja njema. Lakini mwaka 2025, wizara ilipozisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo, waliotuhumiwa hawakuwa vikongwe wenye mkongojo. Na madai ya uongo hayaandikwi kwa jembe. Yaelekea wezi wa bima ni watu wenye vidole vizuri sana. Nanyi pia, kwa kuwa vyenu havijagusa kigumu kuliko kalamu, tuna yakini vitasomeka hadi siku yenu ya mwisho, na twawapa hongera.

Tukiuweka mzaha kando, tunalotaka ni dogo na halihitaji mtambo. Katiba, katika kifungu cha 57, yawaahidi wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Dola, na hatukuona mahali ilipotaja ubora wa ngozi. Basi andikeni waraka wa mistari miwili, ubandikwe katika kila dirisha la hospitali: kwamba aliyetimiza miaka sitini atatibiwa kwanza na kutambuliwa baadaye, na kwamba kidole kikikataa, kitambulisho chake pamoja na kauli ya muuguzi, chifu au jirani vitatosha, na karani atakayeikubali kauli hiyo hataadhibiwa. Kijana yule alimjua nyanya. Mpeni ruhusa ya kumjua.

Jibu lenu lileteni kwa barua, wala msituite kulichukua dirishani. Na kwa kuwa wengi wetu tumeitia karatasi hii sahihi kwa dole gumba, mkiiweka chini ya mashine ikawaambia kwamba hapana mtu aliyeitia sahihi, ndipo mtakapokuwa na yakini kwamba imetoka kwetu.

Ni sisi wenu watiifu,
Wazee wa Taita Taveta, na watoto wao wanaosimama nyuma yao katika foleni