Likizo ya Ziwa Kufungwa

Desemba mosi ziwa likifungwa, nyumba yetu hapa Kashikishi hubadilika. Kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Februari hairuhusiwi kuvua Ziwa Mweru, ili samaki wazaliane, na baba watoto, ambaye miezi mingine huvua usiku na mchana humkuta amelala, anakuwa mtu wa sebuleni. Likizo yetu ndiyo hiyo. Hatukuichagua sisi, imepangwa na perege, tena katikati ya msimu wa mvua.

Msimu uliopita shemeji, anayefanya kazi ya jikoni katika hoteli huko Austria, alipiga simu: njooni mwone theluji, mahali chagueni wenyewe. Akataja Kitzbühel, St. Anton na Obergurgl.

Baraza la nyumba likakaa. Kijana wetu mkubwa alitaka Kitzbühel, kwa kuwa ameona kwenye simu mbio za kuteleza thelujini zinazofanyika pale kila Januari. Shemeji akamtuliza: njia za kuteleza zina rangi, bluu ya wanaoanza, nyekundu ya waliozoea, nyeusi ya mabingwa, na yeye hata ya bluu hajaikanyaga. Kisha akasema mji wenyewe uko kama mita 760 tu juu ya usawa wa bahari. Baba watoto akaruka. Mweru iko zaidi ya mita 900! Theluji inashukaje chini kuliko ziwa letu? Akaelezwa kwamba sisi tuko nyuzi tisa tu kutoka ikweta, wao arobaini na saba. Hata hivyo kijiji cha bondeni hutegemea bahati ya baridi, ilhali Obergurgl, karibu mita 1,900, theluji yake hukaa. Tukakubaliana Obergurgl.

Mama mkwe alikuwa akichambua maharage. Akauliza, "Wanangu, nyinyi mkiteleza, mimi nitakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Safari ilikwamia kwenye karatasi. Viza ya Schengen inataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na taarifa ya benki ya miezi ya karibuni. Hapo ndipo mvuvi anapobanwa: wakati wa baridi ya Ulaya ndio wakati ziwa limefungwa, na miezi aliyo huru kusafiri ndiyo miezi ambayo akaunti yake haiingii kitu. Iliniuma, kwa sababu mume wangu si mtu asiye na kazi. Anatii sheria inayolinda samaki wa wote.

Watoto wasikae bure, tukaamua kwenda kuona maporomoko ya Lumangwe, pale Mto Kalungwishi unapoanguka zaidi ya mita 30. Tukakodi gari, tukapita Mwansabombwe, Mbereshi, tukapanda hadi Kawambwa. Mbele ya hapo mvua ikatukuta kwenye barabara ya udongo na magurudumu yakazama. Baba watoto akafungua kamba ya mtumbwi aliyokuja nayo, wanakijiji wakakata matawi, tukavuta hadi jioni. Mama mkwe aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, sufuria ya ugali na samaki ameikumbatia ndani ya kitenge, maji ya matope yakimpita kwenye vifundo vya miguu. Hakulalamika hata neno moja. Mimi ndiye niliyelia.

Gari lilipotoka tuligeuza. Kesho yake, kwenye njia ya kurudi Mbereshi, tukaingia maporomoko ya Ntumbachushi, kwenye Mto Ng'ona. Palikuwa karibu na barabara, na mama mkwe aliteremka mwenyewe akaosha uso kwa maji yale, watoto wakicheza mbele ya macho yake. Chakula kilichookolewa tulikila hapo, na hakuna aliyeitaja Lumangwe.

Ndiyo maana sasa kwetu swali la mama mkwe linatangulia kabla ya jina la mahali popote: asiyeweza kuteleza, asiyeweza kutembea sana, atakaa wapi, na atafurahia nini? Nyumba ikishalijibu, mahali pa kwenda hujulikana upesi. Austria hatujaikata. Tangu Machi ziwa lilipofunguliwa tunaweka benki sehemu ya kila mauzo, ili taarifa ya Desemba isiwe tupu, na shemeji ametumwa atafute mlima wenye gari la kamba linalopandisha hata wasioteleza, na huko juu pawe na chumba chenye joto.